Nimevaa reflekta, mbona dereva hakuniona?

"Naishi kijijini kando ya barabara ya Morogoro, kilomita 7 kutoka Mlandizi ninakofanya kazi ya useremala. Naenda na kurudi kwa baiskeli ya Phoenix, na kurudi kwangu huwa saa 1:30 usiku. Nilinunua kizibao cha njano cha reflekta kama wanavyovaa bodaboda, lakini mwezi uliopita lori lilinipita karibu mno mpaka likagusa gunia la maranda nililobeba nyuma. Dereva alisimama mbele akaapa kwamba hakuniona. Taa zake zilikuwa zinanimulika, kivuli changu nilikiona mbele yangu. Ninunue nini kingine? Tena binti yangu wa darasa la sita hutoka saa 11:30 alfajiri kwenda shule kwa miguu, amevaa shati jeupe na sketi ya bluu. Mwalimu amewaambia watembee upande wa kulia wa barabara, mimi nilimfundisha kushoto kama magari. Nani yuko sahihi?"

Pole sana ndugu yangu. Umeuliza ununue nini, na jibu lipo, lakini kwanza tuelewane kilichotokea usiku ule. Ukinunua kizibao cha pili kilicho bora kuliko cha kwanza na ukaendelea kubeba gunia vilevile, hali itabaki ileile.

Tuanze na kivuli. Kukiona kivuli chako mbele kunathibitisha kwamba mwanga wa lori ulikufikia. Hakuthibitishi kwamba ulirudi machoni mwa dereva, na dereva huona kile kinachorudi tu. Ukiwa gizani, taa za gari unaziona tangu likiwa mbali kabisa, na moyo unakuambia naye anakuona kwa umbali huohuo. Watafiti wamelipima jambo hili kwa waenda kwa miguu na kwa wapanda baiskeli, na matokeo yamekuwa ya aina moja: mtu aliye barabarani usiku hudhani anaonekana tangu mbali kuliko hali halisi. Kwa hiyo dereva yule huenda alikuambia kweli. Hilo halimwondolei wajibu wa kupunguza mwendo pale asipoona vizuri, ila kwako wewe ni taarifa ya kuifanyia kazi.

Nguo nyeusi hunywa karibu mwanga wote unaoipiga. Nguo nyeupe huurudisha, lakini huutawanya kila upande, na kinachomfikia dereva ni sehemu ndogo. Ule ukanda wa kijivu kwenye kizibao chako una chembe ndogo sana za kioo, au plastiki iliyokatwa pembe-pembe, ambazo huupokea mwanga na kuurudisha kulekule ulikotoka. Macho ya dereva yako karibu na taa zake, ndiyo maana yeye huuona ukanda ukiwaka wakati mtu aliyesimama kando yako anauona wa kijivu tu. Rangi ya njano nayo ina kazi nyingine kabisa. Inachukua miale ya jua isiyoonekana kwa macho na kuigeuza kuwa mwanga unaoonekana, kwa hiyo inafanya kazi mchana, wakati wa mawingu na jioni kabla giza halijashika. Usiku hakuna jua, na njano hiyo inabaki kuwa kitambaa cheupe-cheupe. Wengi hununua kizibao kwa ukali wa rangi yake na kusahau kuangalia mikanda, ilhali saa 1:30 usiku mikanda ndiyo pekee iliyo kazini.

Sasa hesabu. Gari la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Dereva mzima asiye na usingizi huhitaji kama sekunde moja na nusu tangu aone hadi mguu ukanyage breki, na hapo mita 33 zimeshakwisha. Breki zenyewe, kwenye lami kavu na matairi mazuri, zinadai mita 35 hadi 40 nyingine. Jumla inazidi kidogo mita 70, na lori lenye shehena au lami yenye maji huhitaji zaidi. Kwa taa zilizoshushwa dimu, mtu aliyevaa nguo nyeusi huanza kuonekana akiwa mita 25 hadi 30. Nguo nyeupe humfikisha kwenye mita 50 au 60 hivi. Reflekta safi huvuka mita 130. Ziweke namba hizo pamoja na utaona tatizo lilipo: kwa mwendo wa 80, mwenye nguo nyeusi hufikiwa na gari kabla mguu wa dereva haujagusa breki, na hata mwenye shati jeupe hana mita za kutosha. Ndani ya kijiji, gari likitii kibao cha 50, jumla hushuka hadi kama mita 35, na hapo shati jeupe linaanza kuwa na maana.

Sasa rudi kwenye gunia lako. Gunia la maranda ni jepesi, hivyo hujazwa mpaka likatanuka. Likifungwa juu ya keria hukuziba mgongo hadi mabegani, na mara nyingi linaning'inia na kuficha kile kioo chekundu cha kwenye madigadi ya nyuma. Dereva wa lori alikuwa na gunia mbele yake, kitu cha rangi ya vumbi kisicho na umbo la mtu, na reflekta yako yote ilikuwa imejificha nyuma ya mzigo. Hivi ndivyo inavyowatokea wabeba mkaa, majani ya ng'ombe na madumu, na pia mama aliyembeba mtoto mgongoni akafunika kizibao kwa kanga, na mwanafunzi mwenye begi.

Kuna jambo la pili ambalo wauza vizibao hawalisemi. Kuona kitu kinachong'aa ni hatua moja, na kutambua kwamba kile ni mtu ni hatua nyingine. Mistari ya kifuani na mgongoni haichezi, na dereva anaweza kuidhania kibao cha barabarani au trela lililoegeshwa. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Gunnar Johansson wa Uppsala, Sweden, alionyesha kwamba nukta chache za mwanga zikiwekwa kwenye viungo vya mtu anayetembea gizani, mtazamaji hutambua papo hapo kuwa ni mtu anatembea, ingawa mwili wake hauonekani. Mtu huyo akisimama tuli, zinabaki nukta zisizo na maana. Mwaka 2005 Joanne Wood na wenzake walichapisha jaribio la Australia, kwenye barabara iliyofungwa. Madereva waliotumia taa za dimu huku wakimulikwa usoni waliwatambua asilimia 5 tu ya waenda kwa miguu waliovaa nyeusi. Waliovaa mikanda ya reflekta kwenye viungo, taa zikiwa full na pasipo wa kuwamulika madereva, walitambuliwa wote. Hali za taa zilitofautiana, kwa hiyo mikanda isipewe sifa yote, lakini pengo hilo ni kubwa na sababu yake inaeleweka: vifundo na magoti ya mtu hucheza kwa namna ambayo hakuna nguzo inayocheza. Miguu ya mpanda baiskeli ndiyo inayopanda na kushuka muda wote, na tena iko chini, mahali mwanga wa dimu unapofika kwanza.

Kwa hiyo fedha yako iende hivi. Cha kwanza ni taa nyekundu ya nyuma, yenye betri au ya kuchaji. Reflekta hutegemea taa za mwenzako, na barabara yetu ina magari yenye taa moja, yenye taa zilizofunikwa na tope, na mengine taa zimeelekea kwingine. Lori lina shida yake ya ziada: dereva ameketi juu sana kuliko taa zake, na kwa kuwa reflekta hurudisha mwanga kuelekea taa, sehemu kubwa humpitia chini ya macho, hasa anapokaribia. Taa inayowaka yenyewe haina tatizo hilo. Ifunge kwenye mzigo wenyewe, upande wa nyuma, isimame wima na kutazama nyuma moja kwa moja. Ikiinama kidogo tu kuelekea lami, umepoteza nguvu yake nyingi. Iwashe mfululizo. Kumetameta huvuta macho ya dereva, ni kweli, lakini humpa shida kukadiria uko umbali gani na unakwenda kasi gani. Ukipata mbili, moja imetamete na nyingine iwake mfululizo. Nyekundu ibaki nyuma siku zote na nyeupe mbele, maana dereva hujua unaelekea wapi kwa rangi hizo.

Cha pili ni mikanda miwili ya vifundoni, ile ya kunata au ya kujiviringisha. Vaa juu ya suruali, si chini yake. Itazuia pia upindo wa suruali kuingia kwenye cheni. Ukikosa mikanda, kata vipande vya utepe wa reflekta ubandike kwenye mikono ya pedeli, kingo zote mbili kwa kuwa huzunguka, au tafuta pedeli zenye vioo vya rangi ya chungwa.

Cha tatu ni utepe wa malori, ule mwekundu na mweupe wenye upana wa kama sentimita 5, unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya spea. Mita moja inakutosha kwa baiskeli na mzigo. Kwenye chuma, futa kwanza kwa spiriti, acha pakauke, kata kona za utepe ziwe mviringo ili zisibanduke, kisha kandamiza kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda kingoni. Weka nyekundu kwenye madigadi ya nyuma na kwenye kingo za keria, nyeupe kwenye foko ya mbele. Kwenye gunia utepe huo hautashika. Tafuta kipande cha ubao mwembamba cha sentimita 40 hivi, na hicho kwa fundi seremala si tatizo, bandika utepe mwekundu mwisho hadi mwisho, toboa tundu mbili, na ukifunge kwa kamba mgongoni mwa gunia kila unapobeba. Mzigo ukiwa mpana kuliko usukani, ubao uwe na upana wa mzigo wenyewe, ili dereva ajue unaishia wapi. Kwa nguo tumia utepe wa kushona.

Taa ya mbele nimeiweka ya nne kwa sababu hatari yako kubwa inatoka nyuma, lakini usiiache. Gari linalochomoza kutoka njia ya pembeni halikumuliki mpaka limeshaingia barabarani, na dereva anayetaka kumpita mwenzake huangalia kama upande wako uko wazi. Phoenix nyingi zina dinamo iliyokufa ambayo kwa kweli haijafa. Soma kwanza maandishi mwilini mwake. Zile za kizamani ni volti 6 na wati 3, ambapo wati 2.4 ni za balbu ya mbele na 0.6 za nyuma, na zipo pia za volti 12 na wati 6. Balbu lazima zilingane na namba hizo. Balbu ya nyuma ikiungua, umeme wote huelekea mbele, na ukiteremka mlima kwa kasi ya mbele nayo huungua. Watu wengi husema dinamo inakula balbu, kumbe waliacha ya nyuma ikiwa imekufa. Sababu nyingine ya kawaida ni kurudi kwa umeme. Waya ni mmoja tu, na njia ya pili ni fremu yenyewe, kwa hiyo kutu au rangi chini ya kibano cha dinamo hukata mzunguko. Kwangua hapo mpaka chuma king'ae, kisha kaza. Mwisho, angalia mkao: mstari unaopita katikati ya dinamo uelekee kwenye ekseli ya gurudumu. Ikikaa kombo inakwaruza tairi, inakuwa nzito, na mvua ikinyesha inateleza. Udhaifu wake usiotibika ni kwamba ukisimama inazimika, isipokuwa taa za LED zilizotengenezwa kwa dinamo na zenye akiba ya umeme, ambazo huendelea kuwaka dakika kadhaa. Ndiyo maana taa ya nyuma nimekushauri iwe ya betri.

Vitu hivi vinakufa polepole bila kukuaga. Jiki na pasi huharibu chembe za kioo, vumbi la Mlandizi linazifunika, jua linapausha rangi. Osha kizibao kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, anika kivulini, na futa vioo na utepe kwa kitambaa chenye maji kila unapoosha baiskeli. Kisha fanya jaribio hili usiku: mtu mwingine ashike baiskeli yenye mzigo kama unavyoubeba kweli, wewe urudi nyuma hatua 40, ushike tochi ya simu kwenye shavu, sawa na jicho. Tochi ikiwa mkononi kiunoni hutaona vizuri, kwa sababu ileile ya dereva wa lori. Ukanda usiowaka hapo umekwisha kazi, hata kama mchana unaonekana mzuri. Jaribio hili lifanye pia ukiwa umesogea kidogo kulia na kidogo kushoto.

Namna ya kuendesha nayo ina uzito wake. Shika mstari mmoja usioyumba. Kuingia na kutoka kwenye bega la barabara kila baada ya mita chache kunamfanya dereva ashindwe kukukadiria. Saa mbaya kuliko zote ni pale magari mawili yatakapokutana ubavuni mwako. Dereva wa nyuma yako amemulikwa, macho yake hayana kitu kwa sekunde chache, na hana pa kukwepea. Dereva wa miaka 60 hupokea ndani ya jicho kama theluthi tu ya mwanga anaopokea kijana wa miaka 20, na huchelewa zaidi kurudi katika hali yake. Ukiona taa mbele na kusikia ngurumo nyuma, shuka kwenye bega, usubiri. Na usijaribu kamwe kuendesha upande wa kulia ili uyaone magari. Baiskeli ya kilomita 15 kwa saa ikielekeana na gari la 80, mita 100 kati yao huisha kwa sekunde chini ya 4. Zikielekea upande mmoja ni sekunde 5 na nusu, na dereva anaweza hata kupunguza mwendo akakufuata nyuma kwa muda.

Kwa mtembea kwa miguu ni kinyume, na mwalimu wa binti yako yuko sahihi. Mtembea kwa miguu anaweza kuruka pembeni papo hapo, kitu ambacho mpanda baiskeli hawezi, kwa hiyo faida ya kuliona gari linalokuja ni kubwa kwake. Kuna sababu nyingine ambayo wachache huijua. Taa za dimu kwa nchi zinazoendesha kushoto, kama Tanzania na Kenya, hazitupi mwanga sawasawa: upande wa kulia umelazwa chini ili usimuumize dereva anayekuja, na upande wa kushoto umeinuliwa. Binti akitembea ukingo wa kulia, kwa dereva anayemjia yuko kushoto, kwenye mwanga ulioinuliwa. Kwa Rwanda, Burundi na Kongo, wanakoendesha kulia, mambo yote haya hugeuka na mtembea kwa miguu hukaa kushoto.

Mwanga huohuo ndio unaofanya kuvuka kuwe hatari. Anayeingia barabarani kutoka mkono wa kulia wa dereva huingia kwenye ile sehemu iliyolazwa, na huonekana akiwa tayari katikati. Afundishwe kusubiri mpaka pande zote mbili ziwe tupu, avuke kwa mkupuo mmoja, asisimame kwenye mstari wa kati. Asivuke kwenye kona wala kwenye mgongo wa mlima, kwani hapo reflekta haina msaada, gari halijamwona kabisa. Shati jeupe ni zuri, lakini sketi ya bluu imefunika nusu ya chini, ambako dimu humulika kwanza. Mshonee utepe wa sentimita 2 kuzunguka pindo la sketi, mwekee mikanda vifundoni, na kipande kwenye begi, nyuma na kwenye mikanda ya mabegani. Tochi ndogo aielekeze chini mbele ya miguu, aitembeze na mkono. Akimmulika dereva machoni anamnyima kuona. Wakiwa kundi, wa mbele na wa nyuma ndio wavae zaidi.

Uamuzi mmoja siwezi kukufanyia. Kwetu giza hushuka haraka, dakika ishirini na kitu baada ya jua kuzama, na hapo pwani jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro kidogo. Ukiweza kutoka kazini saa 12 kamili badala ya saa 1, safari yako kubwa itakuwa kwenye mwanga, na faida hiyo inazidi kila kitu nilichokutajia dukani. Jua la kuzama nalo huwapofusha wanaoelekea Chalinze, hivyo washa taa ya nyuma hata kabla ya giza. Kama kuna njia ya ndani ya kijiji inayokupunguzia hata kilomita 2 za lami, ichukue, isipokuwa pawe na hatari nyingine unayoijua wewe. Kwa dereva mlevi au anayesinzia, hakuna utepe utakaokusaidia.

Yapo pia mambo ambayo unahitaji watu wa kukusaidia ana kwa ana. Dinamo ukishaikwangua na bado haiwaki, mpelekee fundi wa baiskeli pamoja na balbu zote mbili. Kama wewe mwenyewe usiku unaona taa zimezungukwa na duara, au unashindwa kuona kingo za lami ambazo wenzako wanaziona, nenda ukapimwe macho kabla ya kununua chochote. Ukiguswa na gari ukaanguka, ukapoteza fahamu hata kidogo, ukatapika au kichwa kikazidi kuuma, hiyo ni hospitali usiku huohuo.

Kuhusu watoto, usibaki peke yako na utepe wako. Kaeni wazazi na mwalimu mkuu, muandike barua kupitia serikali ya kijiji na mtendaji wa kata. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, na barabara za ndani chini ya TARURA. Msiandike "tunaomba usalama". Andikeni mahali penyewe, idadi ya watoto wanaovuka hapo kati ya saa 11:30 na saa 1 asubuhi mliyoihesabu kwa siku tatu, na mnachotaka: matuta, kivuko chenye alama, au njia ya miguu iliyotengwa na lami. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend limefanya kazi ya namna hii kuzunguka shule za msingi kwa mpango uitwao SARSAI, uliopata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross Center mwaka 2019, na matengenezo yake ni ya kawaida kabisa: matuta, vivuko, vibao na njia za miguu. Wakati barua inasubiri majibu, ombeni polisi wa usalama barabarani wa Mlandizi waje shuleni asubuhi moja wasimame na watoto mahali pa kuvukia, nao waone wenyewe mwendo wa malori.